Ivuna, Mbosi na Neno Kimondo: Historia ya Majina Mawili ya Songwe katika Sayansi ya Anga

Ikisiri

Kati ya mwaka 1930 na 1938 eneo ambalo leo ni Mkoa wa Songwe liliingia mara mbili katika kumbukumbu za sayansi ya vimondo: kwanza kwa pande la chuma la Mbozi, kisha kwa jiwe lililoanguka Ivuna, katika bonde moja na Kamsamba. Makala haya yanafuatilia historia ya majina ya vimondo hivyo viwili sambamba na historia ya neno kimondo katika Kiswahili. Yanadai kwamba maana ya neno hilo imepanuka kwa hatua tatu, kutoka mwanga hadi chuma na kutoka chuma hadi asteroidi, na kwamba upanuzi huo umefuata kile kilichobaki machoni pa watu. Kimondo kilichobaki nchini kimelipa neno maana mpya. Kilichoondoka kimeipa sayansi jina, lakini jina hilo halijarejea katika Kiswahili.

1.0 Utangulizi

Barabara itokayo Mlowo kwenda Kamsamba huanzia katika uwanda wa juu wa Mbozi, penye mashamba ya kahawa, na kuteremka hadi Bonde la Rukwa. Kamsamba iko huko chini, kando ya Mto Momba unaomwaga maji yake katika Ziwa Rukwa; ng'ambo ya mto ni Kilyamatundu, katika Mkoa wa Rukwa. Hadi mwaka 2012 nchi hiyo, ya juu na ya chini, ilikuwa Wilaya moja ya Mbozi. Mwaka huo Momba ilimegwa ikawa wilaya, na mwaka 2016 wilaya zote mbili zikaingia katika Mkoa mpya wa Songwe.

Huko juu, katika kijiji cha Ndolezi, lipo pande la chuma lenye urefu wa takribani mita 3, linaloitwa Kimondo cha Mbozi. Huko chini, katika Ivuna, ambayo kama Kamsamba ni kata ya Wilaya ya Momba, jiwe lilianguka kutoka angani jioni ya tarehe 16 Desemba 1938. Pande la juu lina uzio, kibao na wageni. Jiwe la chini halipo tena. Mtu wa Kamsamba anayetaka kuona kimondo hana budi kupanda hadi Ndolezi, ingawa kimondo ambacho wataalamu wa mfumo wa jua hukitaja sana kilianguka katika bonde lake mwenyewe.

Tofauti hiyo kwa kawaida huelezwa kama suala la makumbusho na utalii. Makala haya yanaitazama kama suala la lugha. Jina hutolewa na nani, huandikwa kwa tahajia ya nani, na hubaki katika lugha ipi baada ya kitu chenyewe kuondoka?

2.0 Neno kabla ya jiwe

Neno kimondo, ambalo pia huandikwa kimwondo, lilikuwa tayari katika kamusi za Kiswahili zilizotungwa na wamisionari na maofisa wa Kiingereza mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa karne ya 20. Maana iliyotolewa ni moja: nyota inayoonekana ikipita angani kwa kasi na kuzimika. Kwa Waswahili wa pwani maana hiyo haikutenganishwa na elimu ya dini. Kurani, katika sura za As-Saffat, Al-Mulk na Al-Jinn, inavitaja vimondo kuwa ni silaha za kuwafukuza mashetani wanaotega masikio kusikiliza habari za mbinguni. Msomaji wa tafsiri ya Kiswahili ya sura hizo hukutana na neno kimondo mahali penye shihabu ya Kiarabu.

Katika matumizi hayo kimondo ni tukio, wala si kitu cha kushikwa. Hakuna anayekiokota, kukipima au kukikata. Kinaonekana, kinatisha au kinatoa funzo, kisha hakipo. Kwa hiyo neno hilo lilihesabiwa pamoja na istilahi nyingine za anga zilizotokana na kazi na ibada, kama kilimia, kundi la nyota lililohusishwa na majira ya kulima, na Zuhura, nyota ya alfajiri. Nyota yenye mkia ilikuwa na jina lake lenye kujieleza. Kwa mawe yaliyotoka angani, kamusi hizo hazikuweka kidahizo cha peke yake.

Hali hiyo haiwezi kuitwa upungufu wa lugha. Hata katika Ulaya wanazuoni wengi walikataa kwamba mawe huanguka kutoka angani mpaka mvua ya mawe ya L'Aigle, Ufaransa, mwaka 1803 ilipochunguzwa na Jean-Baptiste Biot na kuthibitishwa. Tofauti kati ya mwanga angani na jiwe ardhini ni tofauti ya kisayansi iliyopatikana kwa hoja, na lugha za Ulaya zilibuni maneno ya kuibeba baada ya hoja hiyo kukubaliwa. Kwa Kiswahili nafasi ya kufanya hivyo ilitokea mwaka 1930.

3.0 Chuma cha Mbozi

Mwaka 1930 una uzito wa aina mbili katika historia hii. Ndio mwaka ilipoanza kazi Kamati ya Lugha ya Kiswahili ya Afrika ya Mashariki, iliyokabidhiwa usanifishaji wa lugha. Ndio pia mwaka ambapo W. H. Nott, mpima ardhi kutoka Johannesburg, alitoa habari za pande la chuma katika miteremko ya kilima cha Marengi, Mbozi. Wakati huo ni sehemu yake ya juu tu iliyoonekana. Baadaye udongo uliondolewa pande zote, ukaachwa mhimili wa udongo chini yake, na mhimili huo ukaimarishwa kwa zege.

Mwezi Desemba mwaka huohuo D. R. Grantham wa Idara ya Jiolojia ya Tanganyika alikata kipande kidogo kwa msumeno wa chuma, kazi ambayo inaelezwa kwamba ilimchukua saa 10. Mwaka 1931 yeye na F. Oates walichapisha maelezo ya kitaalamu katika jarida la elimu ya madini la London. Uchambuzi ulionesha chuma kwa takribani asilimia 90 na nikeli kwa takribani asilimia 8.7. Makadirio ya uzito yamebadilika mara kadhaa; yanayotajwa sana ni kati ya tani 12 na tani 16. Katika uainishaji wa leo pande hilo ni kimondo cha chuma kisicho na kundi, yaani muundo wake wa kikemia haulingani na wa familia yoyote inayofahamika.

Mambo matatu ya kilugha yanastahili kuangaliwa. La kwanza ni tahajia. Makala ya mwaka 1931 iliandika Mbosi, kwa herufi s, na kwa kuwa orodha ya kimataifa ya vimondo hulinda jina lililochapishwa kwanza, jina rasmi hadi leo ni Mbosi. Tahajia hiyo inaafikiana na kanuni za Kijerumani, ambako s mbele ya irabu husomwa z. Hivyo, wakati Kamati ya Lugha ilikuwa ikisanifisha maandishi ya Kiswahili, sayansi ilikuwa ikihifadhi kwa kudumu sura ya jina ambayo wenyeji hawaitumii. Mwanafunzi wa Vwawa anayetafuta Mbozi katika orodha hiyo hataona jina la wilaya yake kama anavyoliandika.

La pili ni ugunduzi. Maandishi ya kitaalamu humtaja Nott kuwa mgunduzi. Masimulizi wanayopewa wageni Mbozi humtaja mhunzi wa kienyeji. Masimulizi hayo hayapaswi kupuuzwa kama nyongeza ya watembeza wageni. Wanyiha, wenyeji wa uwanda huo, walikuwa wafuaji na wayeyushaji chuma mashuhuri. Tanuri zao zimeelezwa katika tafiti za miaka ya 1960. Ni vigumu kuamini kwamba jamii iliyojua mawe ya chuma kwa rangi na uzito ilipita kando ya pande kama hilo bila kulitofautisha na miamba mingine. Masimulizi ya mhunzi, hata kama kila kipengele chake hakithibitiki, yanamweka mjuzi wa chuma mahali ambapo maandishi yamemweka mpima ardhi. Hiyo ni hoja kuhusu maarifa, na imetolewa kwa njia ambayo fasihi simulizi hutoa hoja zake: kwa kumpa mhusika kazi.

La tatu ni ukimya. Imeelezwa mara nyingi kwamba kimondo hiki kilianguka zamani sana kwa sababu mbili: hakuna shimo lililobaki, na wenyeji hawana masimulizi ya kuanguka kwake. Sababu ya kwanza ni ya kijiolojia. Ya pili ni ya kifasihi, ingawa haikutolewa na watu wa fasihi. Mtafiti wa fasihi simulizi anajua kwamba kutosimuliwa mbele ya mgeni mwenye vipimo na vibarua si sawa na kutokuwapo kwa simulizi. Umri mkubwa wa kimondo unaweza kuwa kweli bila kutegemea ushahidi huo, na ingefaa usitegemee.

Katika mchakato huu neno kimondo lilipata maana ya pili. Maelezo ya kimondo hicho husema kwamba wenyeji walikiita kimondo. Hata hivyo neno hilo ni lilelile la kamusi za pwani, ilhali lugha za uwanda huo na bonde lake ni Kinyiha, Kinyamwanga na Kiwanda. Maelezo hayo yanatufikia kwa Kiswahili kwa sababu Kiswahili ndicho kilichosimama kati ya mpima ardhi na wenyeji. Lililo dhahiri ni matokeo yake: neno lililokuwa la mwanga unaozimika sasa lilibeba tani za chuma kisichoondoka. Kimondo kikawa kitu cha kupigiwa picha, kulindwa na kuwekewa kibao.

4.0 Jiwe la Ivuna

Miaka 8 baadaye, tarehe 16 Desemba 1938, mnamo saa 11:30 jioni, mawe kadhaa yalianguka Ivuna. Kilichookotwa na kuhifadhiwa ni gramu 705, uzito unaotosha kiganja cha mkono. Mwaka uliofuata, 1939, kamusi kubwa ya Kamati ya Lugha, iliyosimamiwa na Frederick Johnson, ilichapishwa London. Mawili hayo hayakukutana. Kamusi iliendelea kukieleza kimondo kama nyota ipitayo, na jiwe likaenda katika mikusanyo ya ng'ambo.

Ivuna haikuwa mahali pasipojulikana kabla ya siku hiyo. Chumvi yake imechimbwa na kuchemshwa kwa karne nyingi. Uchunguzi wa kiakiolojia wa Fagan na Yellen, uliochapishwa mwaka 1968, ulionesha kwamba kazi hiyo ilikuwapo tangu takribani karne ya 13. Jina Ivuna, basi, lilikuwa la mahali penye uzalishaji na biashara tangu kale. Katika sayansi ya anga likawa jina la jiwe moja dogo.

Udogo huo usimdanganye msomaji. Jiwe la Ivuna ni la kundi adimu la kondriti za kaboni, vimondo vyeusi vyenye udongo wa mfinyanzi, kaboni na maji yaliyofungwa ndani ya madini. Vimondo vya kundi hilo vilivyoonekana vikianguka ni vitano tu: Alais (1806) na Orgueil (1864) nchini Ufaransa, Tonk (1911) nchini India, Ivuna (1938), na Revelstoke (1965) nchini Kanada. Muundo wake wa kikemia, ukiondoa elementi zinazopotea kwa urahisi kama haidrojeni na heliamu, unakaribiana mno na ule wa Jua. Kwa maneno mengine, ni mabaki ya mata iliyokuwapo mfumo wa jua ulipoanza, miaka bilioni 4.56 iliyopita. Mtaalamu anayetaka kujua kama mwamba fulani una nikeli nyingi au zinki kidogo huulinganisha na vimondo vya kundi hili.

5.0 Herufi moja

Wataalamu walipoyapa makundi ya kondriti za kaboni majina ya herufi, kila kundi lilichukua herufi ya mwanzo ya kimondo cha mfano. Kundi la Ivuna likaitwa CI: C kwa kaboni, I kwa Ivuna. Kimondo cha Orgueil ni kikubwa zaidi, chenye zaidi ya kilo 10, na kimefanyiwa uchambuzi mwingi zaidi. Hata hivyo kundi lilichukua jina la mahali pa Rukwa. Tangu hapo Ivuna imetajwa, kwa herufi moja, katika maelfu ya kurasa za kitaalamu.

Historia ya utafiti wa jiwe hilo ina mabishano yake. Mwaka 1961 George Claus na Bartholomew Nagy walichapisha katika jarida la Nature maelezo ya chembe zenye umbo maalumu walizoziona ndani ya Orgueil na Ivuna, wakazifananisha na visukuku vya mwani. Dai kwamba uhai wa nje ya dunia ulikuwa umepatikana lilizua ubishi mkali. Uchunguzi uliofuata ulionesha kwamba baadhi ya chembe zilikuwa chavua na uchafu wa duniani, na nyingine madini ya kawaida. Miaka 40 baadaye, mwaka 2001, uchambuzi mpya wa Orgueil na Ivuna ulibainisha asidi amino chache zilizotawaliwa na glisini na beta-alanini, safari hii kwa ushahidi kwamba zilitoka angani. Mwaka 2008 Makumbusho ya Historia ya Asili ya London yalipata kipande kikubwa cha Ivuna kutoka kwa mkusanyaji binafsi wa Marekani.

Uzito kamili wa jina hilo ulionekana baada ya safari ya chombo cha Kijapani Hayabusa2. Chombo hicho kilirushwa mwaka 2014, kikagusa asteroidi Ryugu mara mbili mwaka 2019, na mwezi Desemba 2020 kikadondosha nchini Australia kifurushi chenye takribani gramu 5.4 za mata ya asteroidi. Makala kuu ya uchambuzi, iliyotoka katika jarida la Science mwaka 2022, ilisema katika kichwa chake kwamba sampuli za Ryugu zinafanana na vimondo vya aina ya Ivuna. Kwa hiyo, kitu kilichochukuliwa umbali wa mamilioni ya kilomita kilitambulishwa kwa jina la kata ya Momba.

Ulinganisho huo ulifunza jambo la pili. Sampuli za Ryugu hazikuwa na salfeti zinazoonekana katika vimondo vya kundi la Ivuna vilivyohifadhiwa, wala hazikuwa na maji mengi kama hivyo. Hitimisho ni kwamba vimondo hivyo vilifyonza unyevu wa duniani katika miaka ya kukaa kwake makabatini. Kipimo chenyewe kilikuwa kimebadilika kwa kuhifadhiwa.

6.0 Kimondo chapanuka tena

Mwezi Desemba 2016 Umoja wa Mataifa uliidhinisha tarehe 30 Juni kuwa siku ya kimataifa ya asteroidi, kwa kumbukumbu ya mlipuko wa Tunguska, Siberia, wa tarehe 30 Juni 1908. Nchini Tanzania siku hiyo imeadhimishwa Mbozi, mbele ya pande la chuma, kwa jina la Siku ya Kimondo Duniani. Tafsiri hiyo ni hatua ya tatu ya neno. Asteroidi, ambayo huzunguka Jua na huenda isiifikie dunia kamwe, sasa imeingia chini ya jina la nyota ipitayo.

Mtu anaweza kuiita tafsiri hiyo kosa, kwa kuwa inaunganisha vitu vitatu ambavyo sayansi huvitenga: kitu kinachozunguka Jua, mwanga wa kitu kinachoungua hewani, na kipande kilichofika ardhini. Lakini historia iliyoelezwa hapa inaonesha kwamba haikutokana na uvivu. Waliotafsiri walikuwa na kimondo mbele yao, na neno lilifuata kitu. Kama lilivyotoka kwenye mwanga kwenda kwenye chuma mwaka 1930, ndivyo lilivyotoka kwenye chuma kwenda kwenye asteroidi. Kila hatua ilikuwa na mahali pake pa kusimamia, na mahali hapo palikuwa Ndolezi.

Ivuna haikuwa na mahali pa kusimamia. Hakuna kitu kilichobaki bondeni cha kulilazimisha neno kupanuka, wala cha kumfanya mwandishi wa Kiswahili aulize kimondo cha mawe kinatofautianaje na cha chuma. Matokeo yake, mwandishi wa Kiswahili anayeeleza matokeo ya Ryugu huelekea kuandika CI, herufi mbili za Kilatini zisizomwambia msomaji wa Kamsamba kwamba ya pili ni ya jirani yake.

7.0 Hitimisho

Vimondo viwili vya Songwe vina historia zinazokwenda kinyume. Cha Mbozi kilibaki mahali pake, kikaipa lugha maana mpya, lakini jina lake la kimataifa limebaki katika tahajia ya kigeni. Cha Ivuna kiliondoka, kikaipa sayansi kipimo na jina lililoandikwa sawasawa, lakini lugha ya mahali kilipoanguka haikupata chochote. Katika hali zote mbili kilichokosekana ni kazi ya istilahi iliyofanywa kwa wakati, ingawa chombo cha kuifanya kilikuwapo tangu mwaka 1930.

Kazi hiyo haihitaji kubuni maneno mengi. Kiswahili kinaweza kuacha kimondo kiendelee kubeba mwanga na jiwe, kama lugha yenyewe ilivyokwisha kuamua, na kutofautisha kwa vivumishi: kimondo cha chuma, kimondo cha mawe, kimondo cha kaboni. Asteroidi inaweza kubaki na jina lake ili isichanganywe na kilichofika ardhini. Na pale ambapo maandishi ya kimataifa yanasema CI, maandishi ya Kiswahili yanaweza kusema kundi la Ivuna, kwa jina kamili. Huko si kutafsiri, maana jina hilo lilitoka huku. Gramu 705 hazitarudi bondeni, lakini neno linaweza kurudi, na mwanafunzi wa Kamsamba atakayelisoma katika habari za asteroidi atajua ni wapi panapotajwa.